Mashine ya gemu kwa familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kununua

Maswali haya hunifikia kila likizo ya shule inapokaribia. Huulizwa na wazazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na pia ndugu walioko Muscat au Marekani wanaotaka kutuma zawadi nyumbani. Nimeyajibu nikiangalia nyumba zetu zilivyo: bando linanunuliwa kwa kipimo, umeme unakatika bila taarifa, watoto wamepishana umri, na Jumamosi binamu wanakuja kushinda. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa familia nyingi za kwetu, kabla ya kuuliza nguvu ya mashine, uliza kama ina mahali pa kuingiza CD na kama kuna pedi mbili, yaani vishikio vya kuchezea.

Kati ya PlayStation, Xbox na Nintendo, ipi inafaa familia?

Anza na wachezaji. Kama ni vijana wa miaka kumi na kuendelea na wanachotaka ni mpira, chukua PlayStation. Vibanda vya gemu mitaani vimejaa PlayStation, rafiki zao wanayo, CD za EA Sports FC na za FIFA za zamani hazikosekani Kariakoo wala Luthuli Avenue, na ikiharibika fundi wa kuifungua yupo. Kijana mwenye Xbox kwenye mtaa wa PlayStation atakosa wa kubadilishana naye CD, na hilo litamuuma kuliko ubora wa picha.

Kama watoto ni wadogo, tuseme miaka mitano hadi tisa, Nintendo Switch inawafaa zaidi. Gemu zake nyingi zimetengenezwa kwa watu waliokaa kwenye kochi moja, na baba au bibi anaweza kuingia bila kufundishwa kwa saa nzima. Ugumu wake uko kwenye gemu: gemu za Nintendo wenyewe hazishuki bei kirahisi, hata zikishakaa sokoni miaka mingi.

Xbox Series S ninaishauri kwa nyumba yenye intaneti ya kulipia kwa mwezi isiyo na kikomo, na si vinginevyo. Haina tundu la CD kabisa, hivyo kila gemu lazima ipakuliwe. Ile iliyotoka 2020 imeandikwa GB 512, lakini nafasi unayobaki nayo ni kama GB 364, na gemu kubwa tatu au nne zinaimaliza.

PS4 ya mtumba au PS5 mpya?

PS4 (PlayStation 4) ilitoka Novemba 2013, PS5 Novemba 2020. Kwa hesabu hiyo PS4 ni mzee, lakini mzee huyu bado anafanya kazi: EA Sports FC 26, iliyotoka Septemba 2025, ilitolewa pia kwa PS4. Familia ambayo watoto wanataka mpira, mbio za magari na Minecraft haitajutia PS4 Slim (toleo jembamba) iliyo nzima. Pesa inayobaki inanunua pedi ya pili na CD kadhaa.

PS5 inunue ukiwa na sababu mbili. Ya kwanza, unataka mashine ya kukaa nayo miaka mingi, maana gemu mpya zinazidi kuiacha PS4. Hata GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee. Ya pili, unaweza kununua ile yenye tundu la CD. PS5 inasoma CD za PS4 karibu zote, kwa hiyo akiba ya CD ulizonazo haipotei.

Dukani angalia boksi kwa makini. PS5 zilizoandikwa Digital Edition hazina tundu la CD, na PS5 Pro ya 2024 nayo inauzwa bila tundu. Kwa zile nyembamba zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2023, na kwa Pro, kifaa cha kusomea CD unaweza kukinunua pembeni ukakichomeka, ila siku ya kwanza kinahitaji intaneti ili kisajiliwe na mashine hiyo. Pedi ya PS4 ukiichomeka kwenye PS5 itacheza gemu za PS4 tu. Gemu za PS5 zinataka pedi ya PS5. Wengi hupanga kuokoa hela ya pedi ya pili kwa njia hiyo, na haiwezekani.

Kwa nini unasisitiza CD kiasi hicho? Si dunia nzima inapakua?

Kwa sababu CD ni mali. Mwanao akiichoka anaiuza, anabadilishana na jirani, anamwazima binamu yake, na wewe unanunua nyingine ya mtumba kwa sehemu ya bei. Gemu ya kupakua imefungwa kwenye akaunti. Huwezi kuiuza wala kumpa mtu. Nyumba yenye watoto watatu wanaobadilishana CD na nyumba nyingine mbili hucheza gemu nyingi kwa mwaka kwa hela ya gemu chache. Utaratibu huo tumekua nao, na mashine isiyo na tundu inaufuta.

Kuna tahadhari, hata hivyo. CD haikuondolei mtandao moja kwa moja. Kwenye PS4 na PS5 gemu hunakiliwa kwanza kutoka kwenye CD kwenda ndani ya mashine, kisha huomba masasisho. Nyingi zinakubali kuchezwa bila masasisho, hasa ukicheza wawili nyumbani. Chache ni CD kwa jina tu: Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 kwenye PS5 ilikuwa na takriban MB 70 ndani ya CD, na mengine yote yalitakiwa kupakuliwa. Kabla ya kulipia, soma maandishi madogo kwenye kava. Ukiona pameandikwa kwamba intaneti inahitajika ili kucheza, jua bando lako litaguswa.

Nyumbani hatuna WiFi, tunatumia bando la simu. Mashine itafanya kazi?

Itafanya kazi vizuri. Mpira wa watu wawili hadi wanne kwenye mashine moja hauhitaji mtandao wala malipo ya mwezi. Ukitaka kucheza na watu wa mbali kupitia PlayStation, gemu nyingi za kununua zinadai ulipie PlayStation Plus. Gemu za bure kama Fortnite na eFootball hazidai.

Bando huliwa na kupakua kuliko kucheza. Gemu moja kubwa ni makumi ya GB, na Call of Duty huvuka 100. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio, zima masasisho ya kujipakua yenyewe, kisha usasishe pale unapokuwa na kifurushi cha usiku au umeipeleka mashine kwa ndugu mwenye WiFi. Usiiache imeunganishwa na hotspot ya simu mkalala. Asubuhi utakuta bando limekwisha na sasisho halijafika nusu.

Nikinunua PS4 ya mtumba, nikague nini?

Hapa tuliza akili, maana ndipo pesa inapopotea. Usikubali kuonyeshwa taa ikiwaka na kuambiwa "nzima hiyo mama, chukua". Nenda na CD yako mwenyewe unayoijua kuwa nzima. Iingize: mashine iivute bila kukwama, isiiteme, na ianze kuisoma ndani ya dakika moja hivi. Bonyeza itoke, iingize tena. Kisha omba kucheza nusu saa. Muuzaji wa kweli hatakataa. Joto likipanda sikiliza feni. Mvumo wa kawaida hauna shida, lakini ikinguruma mpaka inashindana na sauti ya TV, kuna vumbi jingi au pesti ya kupoza imekauka. Hilo linatengenezeka, na ni sababu ya kupunguziwa bei. Ikizima yenyewe katikati ya mechi, iache hapohapo.

Washa tochi ya simu, mulika kwenye matundu ya nyuma. Ukiona vidoa vyeusi kama majani ya chai yaliyosagika, hivyo ni vinyesi vya mende. Mende wanapenda joto la pawa saplai ya PS4 na huweka kiota humo. Wakifa juu yake husababisha shoti. Ukiinunua hivyo unawabeba wote hadi sebuleni kwako. Pwani kuna jambo la ziada: mulika kwenye tundu la HDMI, la waya wa kwenda kwenye TV, na kwenye skrubu uone kutu. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga na Unguja hula chuma polepole, na tundu la HDMI ndilo linaloanza kusumbua.

Pedi ikague peke yake. Weka mechi, shika mpira, kisha ondoa kidole kwenye kijiti. Mchezaji akiendelea kutembea mwenyewe, kijiti kimechoka. Chomeka waya uone kama inachaji. Bonyeza kila kitufe, usimsahau R2, maana ndicho cha kukimbilia na huisha mapema.

Mwisho, washa hotspot ya simu yako hapohapo dukani, uingie kwenye akaunti yako ya PlayStation, au fungua mpya. Mashine iliyofungiwa na Sony, wenye PlayStation, itakataa. Hakikisha akaunti za mwenye zamani zimefutwa, na mashine imerudishwa ilivyotoka kiwandani mbele ya macho yako. Dai risiti yenye namba ya mashine na siku za majaribio zilizoandikwa kwa kalamu.

Fundi ananiambia atanijazia gemu ishirini bure. Nikubali?

Usikubali. Mashine iliyochakachuliwa ili icheze gemu za wizi lazima ibaki kwenye programu ya zamani. Ukiisasisha, gemu hizo zinakufa. Ukiiunganisha na mtandao, inaweza kufungiwa moja kwa moja. Siku ya kuiuza, thamani yake inategemea kumpata mnunuzi asiyejali hayo. Na kuna kazi za watu humo ndani, nisingependa mtoto azoee kuzichukua bure.

Shangazi yuko Marekani anataka kutuletea. Itawaka huku?

PS4 na Xbox Series S zina pawa saplai ya ndani, na kwa kawaida lebo yake husema 100–240V, kwa hiyo unabadilisha waya wa ukutani tu, uwe wa pini tatu. Hata hivyo, mwambie asome lebo kabla ya kulipia, hasa kwa mashine za zamani. Xbox 360 ya Marekani ina adapta ya 110V. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240 inaungua papo hapo.

CD za PS4 na PS5 za Marekani, Ulaya au Dubai zinacheza kwenye mashine yoyote. Kinachobagua nchi ni nyongeza za kupakua: CD ya toleo la Marekani inataka nyongeza zilizonunuliwa kwa akaunti ya Marekani. Kadi za gemu za Switch nazo hazina ubaguzi wa nchi.

Akaunti nifungue ya nchi gani?

Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation, ingawa Oman na Afrika Kusini zimo. Watu wengi huku hutumia ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Chagua ukiwa umefikiri, kwa kuwa nchi ya akaunti ya PlayStation haibadilishwi baadaye, na kadi za salio lazima ziwe za nchi hiyohiyo. Kama ndugu anayewatumia kadi za zawadi yuko Muscat na akaunti ya mtoto ni ya Marekani, kadi hizo hazitaingia. Ulizaneni kwanza.

Tarehe ya kuzaliwa ya mtoto iandike ya kweli, chini ya akaunti yako ya mzazi. Udhibiti wote unategemea tarehe hiyo.

Switch zipo nyingi. Ninunue ipi?

Ya kawaida ya 2017 na ile ya OLED ya 2021 zinachomekwa kwenye TV na zinashikwa mkononi. Switch Lite ya 2019 ni ya mkononi tu, haiunganishwi na TV hata ukinunua vifaa. Kwa familia yenye watoto zaidi ya mmoja, Lite italeta ugomvi. Bei yake huwavuta wazazi wengi, kwa hiyo nasema wazi: Lite ni ya mtu mmoja.

Uzuri wa ile ya kawaida ni kwamba vipande viwili vya pembeni, Joy-Con, vinachomoka na kuwa pedi mbili ndogo. Unaitoa kwenye boksi, watoto wawili wanacheza Mario Kart 8 Deluxe siku hiyohiyo, na ukiongeza jozi nyingine mnacheza wanne. Vijiti vya Joy-Con huchoka na kuanza kujisogeza, kwa hiyo ulizia mapema fundi anayevibadilisha.

Switch 2 ilitoka Juni 2025 na inacheza gemu nyingi za Switch ya kwanza. Ila baadhi ya kadi zake ni ufunguo tu, gemu yenyewe inapakuliwa. Boksi huandikwa hivyo sehemu ya mbele. Kadi hizi zote ni ndogo kama ukucha, na Nintendo huzipaka kitu kichungu mno ili mtoto akiitia mdomoni aiteme. Bado, zitafutie kopo lenye mfuniko.

Na zile za bei rahisi zilizoandikwa "gemu 10,000 ndani"?

Humo mna gemu za miaka ya themanini na tisini, nyingi zikijirudia kwa majina tofauti. Mtoto atafurahi wiki moja. Pedi zake huvunjika upesi.

TV yetu ni ya kichogo, ina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe tu.

PS4, PS5 na Xbox za sasa zinatoa picha kwa HDMI pekee. Kuna kiboksi cha kubadilisha HDMI kwenda AV, yaani matundu hayo ya rangi tatu, na kinafanya kazi, ila kiombe kwa jina hilo kamili, kwa sababu kuna kinachofanana nacho kinachobadilisha kinyume. Maandishi madogo ya alama za mechi yatakuwa na ukungu. Ukiweza kusubiri, nunua TV bapa ya mtumba kwanza.

Inakula umeme kiasi gani, na ukikatika ghafla?

PS5 ikiwa kwenye gemu kubwa hutumia takriban wati 200. Saa mbili kwa siku ni uniti 12 hivi kwa mwezi, bila TV. PS4 Slim na Xbox Series S hukaa chini ya nusu ya hapo. Switch kwenye TV haifiki wati 20, yaani chini ya uniti moja na robo kwa mwezi. Kama mnatumia sola, tofauti hii ina uzito.

Umeme ukikatika wakati mashine inahifadhi gemu, data inaweza kuharibika. Ukirudi kwa kishindo ndipo pawa saplai hufa. Nunua kifaa cha kulinda TV na friji, kile kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Usiizoeze mashine kulala kwenye hali ya kupumzika. Izime kabisa, uchomoe ukutani.

Mwanangu wa miaka kumi anataka GTA, wenzake wote wanacheza.

GTA V imepewa alama ya 18 Ulaya, na Marekani ni M, yaani miaka 17 na kuendelea. Humo kuna kutesa, ulevi na ngono. Jibu ni hapana, na mtoto anaweza kuelezwa sababu. Zoea kusoma alama kwenye kava: EA Sports FC 26 ni 3, Minecraft 7, Fortnite 12. Alama hiyo haihusu mazungumzo ya sauti na wageni mtandaoni. Mpira wenyewe hauna ubaya, lakini mtu mzima asiyejulikana anaweza kuzungumza na mwanao kupitia spika za masikioni. Hayo unayafunga kwenye udhibiti wa wazazi.

Nasikia watoto hutumia hela ndani ya gemu bila mzazi kujua. Kweli?

Kweli, na mahali pa kuangalia kwa karibu ni Ultimate Team ya EA Sports FC, sehemu ya kukusanya wachezaji na kuunda timu yako. Mtoto hununua pakiti akiwa hajui mchezaji gani yumo. Akimkosa anayemtaka, hununua nyingine. Mamlaka za Ubelgiji mwaka 2018 zilisema pakiti za namna hii ni kamari, na EA ikaacha kuuza huko pointi za kuzinunulia Januari 2019. Mimi nakubaliana na Wabelgiji. Mzazi ambaye hataki kamari nyumbani kwake aijue hii mapema. Usihifadhi kadi ya benki kwenye akaunti. Tumia kadi za salio, na weka kikomo cha matumizi cha mtoto kiwe sifuri.

Saa ngapi kwa siku zinatosha?

Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri muda wa skrini wa kukaa usizidi saa moja kwa siku, TV na simu zikihesabiwa humohumo. Kwa wakubwa, ninachoona kinafanya kazi ni kuhesabu mechi badala ya dakika, kwa sababu kukatishwa dakika ya 80 huzua kilio kila mara. Mechi tatu, kisha zamu ya mwingine. Mashine ikae sebuleni.

Binti yangu hapati nafasi, kaka zake wameishika.

Dada, hilo ni la kusimamiwa na wewe, mashine haitalisimamia. Mpe pedi yake, yenye rangi anayoipenda, na zamu yake iandikwe. Mara nyingi hapendi gemu za kaka zake kwa sababu ameanza kwa kufungwa mabao tisa. Mtafutie gemu ya kucheza upande mmoja nao, kama Minecraft au Overcooked, ajenge mikono kwanza.

Nikisubiri mwaka mmoja, bei itashuka?

Zamani ilikuwa hivyo: PS4 ilianza kwa dola 399 na ilipotoka Slim mwaka 2016 ikawa 299. PS5 imekwenda kinyume. Ilianza kwa dola 499, na Agosti 2025 Sony iliipandisha Marekani hadi karibu 550. Ukiwa na hela na umepata nzima, nunua.

Nikiifikisha nyumbani, nianze na nini?

Mtoto asiione siku hiyo. Iweke mahali penye hewa, nusu hatua kutoka ukutani, isifunikwe kitambaa cha kufuma. Sasisha usiku. Fungua akaunti yako, kisha ya mtoto chini yake. PS4 na PS5 hutoka kiwandani zikiwa na namba ya siri ya udhibiti 0000, na watoto wote wa mtaa wanaijua, ibadilishe. Weka kikomo cha umri, funga mazungumzo na wageni, weka sifuri kwenye matumizi. Nakili namba ya mashine na nywila ya akaunti kwenye daftari, pamoja na risiti, na usiviweke droo moja na CD, maana watoto wataipekua hiyo kila siku.